Tulipeleka watoto London kusomea drama, wakarudi wakaanguka kaunti. Kwa nini?

#1 Mlezi_wa_Drama (Kisumu)
Habari wadau. Nina jambo linaninyima usingizi tangu mwezi jana.

Mimi ni mlezi wa klabu ya drama katika sekondari moja hapa Kisumu, jina naliweka kapuni. Agosti iliyopita tulipeleka wanafunzi 14 Uingereza kwa siku 11. Warsha za uigizaji asubuhi, kutazama michezo jioni. Siku nane London, tatu Edinburgh. Kila mzazi alitoa KSh 340,000, na hapo tulikuwa tumeshafanya harambee. Watoto walirudi macho yanawaka. Mimi nilirudi na daftari limejaa hadi kwenye jalada.

Miaka mitatu kabla ya safari, kwenye mashindano ya drama ya shule, tulikuwa tunafika Kanda ya Nyanza bila shida, na mara moja tukaenda hadi kitaifa. Mwaka huu, na watoto waliosimama ndani ya Globe, ule ukumbi wa michezo ya Shakespeare London, tumetolewa kaunti. Nafasi ya tano. Jaji ameandika kwenye karatasi yetu: "Sauti haifiki. Waigizaji wanaongea wao kwa wao."

Wazazi wananiuliza pesa zao zilienda wapi. Nami nawauliza nyinyi: safari iliwaharibu, au kuna kitu nisichokiona?

#2 Wuod_Kondele
Nafasi ya tano na mmepanda ndege. Sisi wakati wetu tulipanda matatu ya Ahero tukawa wa pili. Pole mwalimu, lakini nimecheka.

#3 TichaMstaafu (Vihiga)
Nimekaa meza ya majaji miaka mingi. Sasa nimestaafu, kwa hiyo niulizeni bila woga.

Tukumbuke jukwaa letu lilivyo. Ukumbi wa kulia chakula wa shule mwenyeji, juu mabati. Madirishani vichwa vya watoto waliokosa nafasi ndani. Nje muuza mahindi choma, na basi linapiga honi kuita wachezaji wake waliozagaa. Saa nane mvua inaanza kugonga bati. Mtoto aliyefundishwa kuongea kama anaongea na mama yake jikoni, hapo amekwisha. Sisi majaji tunakaa katikati ya ukumbi, na kisichofika mezani kwetu hakipati alama. Hakuna uchawi hapo. Walisomea uigizaji wa chumbani wakaja kuigiza sokoni.

#4 Dalla_Diaspora (London)
Mzee #3, nakubali nusu. Mimi naishi huku na Globe nimeingia mara nyingi, kwa sababu tiketi ya kusimama uwanjani ilikuwa pauni 5 kwa miaka mingi sana.

Globe haina paa katikati. Paa la matete linafunika jukwaa na wale waliolipia viti. Ukisimama uwanjani unanyeshewa wima. Helikopta zinapita juu, ndege za kwenda Heathrow zinapita juu, watu wana bia mkononi wanacheka ovyo. Na kwa kawaida waigizaji hawatumii vipaza sauti. Pale bila koo humalizi onyesho. Kama watoto walirudi wananong'ona, basi hawakujifunzia Globe.

Halafu, kabla mtu hajasema, jengo hilo silo lile la Shakespeare. La kwanza lilijengwa 1599, likaungua 1613 baada ya mzinga kufyatuliwa katikati ya mchezo na cheche kushika paa. Hili la sasa lilifunguliwa 1997, na aliyelipigania ni mwigizaji wa Marekani, Sam Wanamaker, ambaye hakuishi kuliona limekamilika.

#5 Mlezi_wa_Drama
#4, kweli, Globe tuliingia siku moja tu. Karibu saa tatu za kusimama. Wawili walijaribu kukaa chini, mhudumu akawainua kwa adabu.

Warsha zilikuwa kwingine, kwenye chumba kilichopakwa rangi nyeusi kuanzia sakafu hadi dari, ukubwa wa darasa letu ukatwe katikati. Mama aliyetufundisha alikuwa na zoezi moja alilolirudia kila siku. Unamkabili mwenzako, unamwambia "Sina pa kwenda," na humalizi mpaka yeye akuamini. Mvulana wetu mmoja alianza kwa mikono hewani, sauti ya kitaifa kabisa, machozi tayari. Yule mama akamsimamisha: "Unanionyesha huzuni. Usinionyeshe. Niambie." Kijana akarudia mara tisa. Ile ya tisa alisema kwa sauti ndogo, mikono mfukoni, na chumba kizima kikanyamaza. Mimi mwenyewe nilitazama kando.

Niambieni, ningewezaje kurudi Kisumu nimwambie arudishe mikono hewani?

#6 Jibaba_la_Mwanza
Majirani, Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, akaja akatafsiri mchezo wake mwingine 1969, na hakumtoza mzazi yeyote 340,000. Nyie mnalipia kwenda kusikiliza kwa Kiingereza.

#7 Mama_Milimani (Kisumu)
#6 ndugu yangu, Nyerere huyohuyo alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu 1952. Kwa hiyo naye alivuka maji kwanza. Chagua mfano mwingine.

Mwanangu ni mmoja wa hao 14 na nimelipa kila shilingi. Huyu ni mtoto ambaye mgeni akija nyumbani alikuwa anajificha nyuma ya nyumba kwa kuku. Leo anampokea mgeni, anamuuliza safari, anasikiliza jibu. Kombe la kaunti linanihusu nini? Mwalimu, usiwaache watu wakukondeshe.

#8 Chalii_wa_Nakuru
Mnazunguka mbuyu. Drama ya shule siku hizi ni siasa. Aprili 2025 mashindano ya kitaifa yalikuwa hapa kwetu Nakuru. Tuliona wasichana wa Butere wakiimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, na mabomu ya machozi yakapigwa nje. Na 2013 igizo la shule hiyohiyo lilipigwa marufuku mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Tangu hapo jaji akiona igizo lenye meno anatafuta sababu ya kulitoa mapema. "Sauti haifiki" ni lugha ya kistaarabu.

#9 TichaMstaafu
#8 kijana, ya Nakuru sote tuliyaona na yalituuma. Ila si kila anayeanguka ameangushwa. Nimeandika "sauti haifiki" mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, na kila mara nilimaanisha sauti haifiki.

Mlezi, igizo lenu lilihusu nini?

#10 Mlezi_wa_Drama
Lilihusu kijana wa Nyalenda anayekwama kwenye uwanja wa ndege wa ng'ambo, karatasi zake zina kasoro, usiku mmoja mzima na watu wanne wasiojuana. Tuliliandika pamoja baada ya safari. Viti vinne tu jukwaani, bila pazia, bila maleba ya kubadilisha.

#11 Isukuti254 (Kakamega)
Viti vinne! Mwalimu, jaji wa kaunti anataka kuona kijiji, chifu mlafi, mama anayelia na ngoma ikilia nyuma yake. Wewe umempelekea viti vinne na mtu anasubiri ndege. Ngoma ndiyo inabeba igizo. Isukuti ikishalia hata jaji aliyelala anaamka. UNESCO wameiorodhesha tangu 2014, si mchezo. Ndiyo maana Kakamega tuliwapiga.

#12 Wuod_Kondele
#11 omera, mliwapigia wapi? Kakamega iko Kanda ya Magharibi, Kisumu iko Nyanza. Hamwezi kukutana mpaka kitaifa, na mlezi amesema hapo juu ameishia kaunti. Na hiyo isukuti UNESCO waliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka, si orodha ya washindi.

#13 Isukuti254
Sawa, nilimaanisha kwa ujumla.

#14 Ticha_wa_Bondo
Mnasahau hesabu ndogo. Mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza shuleni, vidato vilikuwa vitatu. Januari hii Gredi ya 10 wameingia, hawajui hata choo kiko wapi, na Machi unataka wapande jukwaani. Chini ya wale 14 mlezi hakuwa na kikosi cha akiba. Klabu yangu imepatwa na hayohayo na hatujawahi kuvuka hata Busia.

#15 NyarDunga
Nimesoma kimya tangu #1. Sasa niseme.

Mimi ni shangazi wa msichana ambaye hakuenda. Sitamtaja, mlezi anamjua. Ndiye aliyeigiza mama mkwe mwaka ule mlioenda kitaifa. Watu walisimama. Baba yake anavua hapa Dunga, na mwaka jana magugu yalivyofunga ufuo kuna wiki mtumbwi haukutoka kabisa. Barua ya 340,000 ilipokuja, aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, akasema isiguswe.

Hao 14 hawakuchaguliwa kwa kipaji. Walichaguliwa kwa mfuko. Waliporudi wana maneno yao, mazoezi yao ya kufumba macho na kushikana mikono kwenye duara, wanacheka vitu ambavyo wenzao hawajui. Wakawa wanaitwa "wa London" na wengine "wa nyumbani". Na igizo hili la viti vinne, wote wanne waliokaa kwenye viti walikuwa wa London. Mtoto wetu alipewa kushika taa. Mwezi wa kwanza aliacha klabu.

Sauti haikufika, mlezi, kwa sababu mwenye sauti mlimwacha Dunga.

#16 Wuod_Kondele
Eish.

#17 Mama_Milimani
Dada #15, nakusikia na inauma. Lakini watoto wetu nao hawakuiba nafasi ya mtu. Tulilipa kwa mkopo wa Sacco, si kwa mfuko uliojaa. Bado nalipa.

#18 Mlezi_wa_Drama
Mama #15, sitakujibu kwa kujitetea. Harambee ilikuwa na lengo la kulipia wawili wasio na uwezo. Pesa zilizopatikana zikaonekana zinatosha kupunguza kiasi kidogo kwa kila mtu, au kumbeba mmoja na nusu. Kikao kikaamua zigawanywe kwa wote. Nilikuwa kwenye kikao hicho na sikusema kitu. Kuhusu taa, niliona ni kazi ya heshima. Nilikosea kuona hivyo peke yangu bila kumuuliza.

Ila bado najiuliza. Hata angekuwa kwenye kiti, ningemfundisha kuongea namna ileile ya chumba cheusi. Je, naye angezimika?

#19 Mmoja_wa_14
Shikamooni wote. Shule imefungwa, simu ni ya mama, naandika haraka.

Mwalimu hajawaambia ya Edinburgh. Agosti mji mzima unakuwa jukwaa, wanaita Fringe. Tuliambiwa ilianza 1947, vikundi vinane vilikuja bila kualikwa vikaigiza pembeni ya tamasha kubwa. Barabarani watu wanakupa vikaratasi vya kukuita kwenye michezo yao, mpaka begi langu lilijaa. Siku ya pili tuliingia mchezo mmoja chini ya ngazi, kwenye ghala la baa, harufu ya bia na ukungu. Mwigizaji mmoja, mzee. Tulikuwa sisi sita na mwanamke mmoja aliyekuja na mwavuli unaochuruzika. Watu saba! Nilidhani ataahirisha. Akaigiza saa nzima kama tuko elfu moja, jasho linadondoka kwenye kidevu, mwisho akainama, akachukua ndoo akasimama mlangoni mwenyewe tutie chochote.

Hakukuwa na jaji. Hakukuwa na nafasi ya kwanza. Tangu hapo, niseme ukweli, sikuwa na ile njaa ya kombe tena. Kaunti tulipotangazwa wa tano mimi sikulia. Wenzangu wa nyumbani walilia na kunikasirikia kwa sababu silii. Labda ndiyo hiyo.

Na pia tulibeba omena.

#20 Jibaba_la_Mwanza
Subiri. Omena (sisi tunaita dagaa) zilifika London?

#21 Mmoja_wa_14
Zilifika. Ofisa alifungua begi, akanusa, akafunga. Usiku wa tatu tukazikaanga jikoni hosteli, moshi ukapanda, kengele ya moto ikalia jengo zima. Wageni wote wakashuka barabarani na nguo za kulalia, Wahispania, Wajapani, mzee mmoja na mbwa. Baridi, tena Agosti. Tukisubiri kuruhusiwa kurudi, tukaanza sigana, hadithi zetu za jadi, ile ya mnyama na mkia wake, kwa Dholuo na Kiingereza kilichovunjika, ili watu wasitukasirikie. Yule mbwa aliingizwa kwenye hadithi. Watu wakaitikia kibwagizo barabarani! Sauti zetu zilifika mpaka dirisha la jirani, akafungua kusikiliza. Hakuna aliyetufundisha kunong'ona usiku huo.

#22 Mama_Milimani
KENGELE YA MOTO? Mlezi, mbona kwenye ripoti ya wazazi hakuna kengele ya moto?

#23 Mlezi_wa_Drama
Mama, ripoti ilikuwa ya kurasa mbili tu.

#24 TichaMstaafu
Mtoto #19 na #21, umeandika kuliko sisi wote. Nimerudia mara mbili.

Mwaka 1977 Kenya ilipeleka michezo miwili kwenye tamasha la FESTAC, Lagos. Mmoja ulitungwa na Francis Imbuga, mtu wetu wa hapa Maragoli. Mwingine uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Mũgo. Hawakwenda kufundishwa kuongea. Walibeba igizo lao, wakalionyesha. Safari ya kwenda kuonyesha na safari ya kwenda kuonyeshwa ni safari mbili tofauti, hata ikiwa nauli ni ileile. Nyinyi mlikwenda kuonyeshwa siku 11, mkaonyesha dakika ishirini barabarani kwa sababu ya omena.

#25 Dalla_Diaspora
Mzee amenikumbusha. Mwaka 2012 Globe ilialika michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37. Kiswahili kilikuwemo, kundi kutoka Kenya likaleta The Merry Wives of Windsor. Kwa hiyo pale uwanjani walipokatazwa kukaa chini, Kiswahili kilishasikika bila kipaza sauti.

#26 Jibaba_la_Mwanza
Na aliyeigiza Falstaff, mhusika mkuu, alikuwa Mrisho Mpoto, Mtanzania. Nawakumbusha tu kwa upendo.

#27 Wuod_Kondele
Tulijua utafika hapo.

#28 Mhasibu_wa_Busia
Niongee pesa, maana ndiyo kazi yangu. Ada ya viza ya mgeni ya Uingereza ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127. Wakati huo ilikuwa kama elfu ishirini na mbili kwa mtoto, na ukinyimwa hairudi. Watoto 14 ni laki tatu na ushee kabla hujanunua tiketi hata moja. Ongeza safari ya Nairobi kupigwa alama za vidole.

Kampala ni basi la usiku. Wana ukumbi wao wa taifa tangu 1959 na tamasha la kimataifa la michezo ya kuigiza ambalo kwa kawaida huwa Novemba. Kwa gharama ya mtoto mmoja wa London, unabeba nusu ya klabu, mshika taa akiwemo. Na jirani ataelewa sigana yenu bila kengele ya moto.

#29 Chalii_wa_Nakuru
#28 sawa, lakini Kampala haitatatua jaji. Na huku Nakuru tuna Nakuru Players, ukumbi mzee kabisa, mnaupita kwenye basi mkienda kutafuta ukumbi Uingereza.

#30 Ticha_wa_Bondo
Bado mimi nasema ni kikosi cha akiba.

#31 Isukuti254
Na ngoma.

#32 Mlezi_wa_Drama
Asanteni wote, hata waliocheka. Nimechapisha #15, #19 na #21, nitazipeleka kwenye kikao cha wazazi. Wazo la Kampala nimelichukua. Bodi ikikubali, barua itatoka muhula wa pili, na itakuwa kwa watoto wasiopungua 25. Igizo tutabeba letu. Kuhusu sauti, Jumamosi mazoezi yatakuwa ufuoni, upepo ukivuma, nione nani anasikika na bado anaaminika.

#33 NyarDunga
Mkija ufuoni mtatuona. Ila barua hiyo, mlezi: majaribio yatafanywa kabla ya kutaja pesa, au pesa zitatajwa kwanza?

#34 Wuod_Kondele
Mlezi naona kitufe chako ni cha kijani, uko hewani. Dada ameuliza.